Herufi Niliyoivunja Uyole

Tarehe 14 Mei 1975, siku ya Jumatano, nilimpoteza dada yangu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Homa ilimshika siku nne tu, akafia hospitali huko Mbeya, na sisi wa nyumbani Kalenga tulipata habari kesho yake mchana, wakati mwili ulikuwa tayari njiani kuja Iringa juu ya lori la ofisi yake, umefunikwa kwa turubai la magunia ya mbegu.

Dada yangu alikuwa mpiga chapa. Alifanya kazi katika ofisi ndogo ya kugawa mbegu pale Uyole, na katika ukoo wetu wote yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti cha ofisi. Nalisema hilo kwa kujivuna na sioni haya. Alipokuja likizo, watu walimtazama vidole. Vilikuwa vyembamba, safi, kucha fupi, na hata akiwa amekaa jikoni anasubiri ugali uive, vilitembea juu ya goti lake, vinaandika maneno ambayo hakuna aliyeyaona.

Kaburini sikulia. Wanawake wa kwetu hulia kwa sauti, na asiyelia husemwa, nami nilisemwa. Nilisimama nyuma ya mama nikiishika kanga yake isidondoke, na nilichokuwa nawaza ni kwamba vile vidole vinafukiwa. Siku zilizofuata tulilala chini, tukanyolewa nywele, na msiba ulipovunjwa ukoo ukakaa kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Kila kitu hupewa mtu, na anayepewa huambiwa mbele ya wote: chukua, ushike nafasi yake. Binamu yangu alipewa kanga mbili. Mimi nilipewa sweta la kijani na viatu, na shangazi yangu, aliyekuwa anagawa, akasema, "Chukua, ushike nafasi yake." Aliyasema maneno hayo kama alivyoyasema kwa kila mtu. Mimi niliyasikia vingine.

Lazima nieleze hapa jinsi nilivyojifunza kupiga chapa, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo. Nimesoma mpaka darasa la saba, basi. Dada alipitia kozi ya wamisionari Iringa mjini. Zamu yangu ilipofika, ile kozi ilikuwa imefungwa. Likizo yake ya mwaka 1973 dada alichukua ubao wa sanduku la chai, yale masanduku mepesi yanayotoka Mufindi, akauchoma kwa msumari wa moto, duara baada ya duara, kila herufi mahali pake kama ilivyo kwenye taipureta, na chini kabisa mstari mrefu wa kuachia nafasi. Akaniketisha.

"Usiangalie," akasema. "Anayeangalia vidole ni fundi cherehani. Wewe angalia karatasi."

Akaweka gazeti la zamani mbele yangu, nami nikaanza kupiga ubao. Ubao haukuandika kitu. Aliyejua kama nimekosea ni yeye tu, aliyekaa kando anachambua maharage, jicho moja kwenye ungo na jicho moja kwenye mikono yangu. "Hapo umepiga s. Rudia." Kidole kilichonitaabisha zaidi ni kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Ndicho kinachopiga a, na Kiswahili bila a hakiendi hata hatua mbili.

"Hicho ni kivivu," dada alisema. "Kitie nguvu. Piga kama unaua siafu."

Alipoondoka niliendelea peke yangu karibu miaka miwili, kila siku nikitoka shamba, mpaka ile duara ya a ikaanza kubonyea. Nilikuwa na kasi. Najua nilikuwa na kasi kwa sababu mama alilalamika kwamba nyumba yake inanyeshewa mvua ya mawe ndani.

Mwezi wa sita ulipoanza, ilifika barua kutoka kwa karani mkuu wa ofisi ya dada. Alitupa pole, kisha akaandika kwamba kiti cha marehemu kiko wazi hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kitatangazwa kwa watu wote. Marehemu alipata kumwambia kwamba ana mdogo wake anayejua kupiga chapa. Kama ni kweli, mdogo huyo aje ajaribiwe.

Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza kilichonipata moyoni ni furaha, na dada hakuwa hata na mwezi mmoja kaburini. Jambo hilo nimeliungama kwa padri. Hapa naliandika tu.

"Kazi hiyo imemla dada yako," mama alisema nilipomsomea barua.

"Homa ndiyo iliyomuua, mama."

"Homa ya wapi? Ya Kalenga?"

Nilikunja barua.

"Na hicho kiti," akaendelea, "kiti si kanga. Hakirithiwi. Utafika huko watu wazima wakucheke."

"Wakinicheka nitarudi."

Alirudia kupepeta. Kisha akasema bila kunitazama, "Nenda. Ukishindwa, rudi ushike jembe, na neno ofisi lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Nimechoka nalo."

Basi hayo ndiyo niliyopanda nayo gari: kiti cha dada, ama jembe na kunyamaza. Katika jibu langu kwa karani mkuu nilikuwa nimeandika, "Ndiyo, najua kupiga chapa." Habari za ubao sikuziandika.

Uyole mwezi wa sita ina baridi ya kukata masikio, na mimi kichwa changu kilikuwa kimenyolewa. Malori yalijipanga kando ya barabara kuu, madereva wanaota moto kwenye ndoo. Ofisi ilikuwa nyuma kidogo, vyumba vitatu vya bati na stoo ya mbegu. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mtunza stoo, mzee kiasi, Mngoni wa Songea, amekaa juu ya gunia.

"Kamwene," nilimwamkia kwa mazoea ya nyumbani, halafu nikakumbuka nilipo. "Shikamoo, baba."

Alitazama kichwa changu. Akatazama sweta. Alilijua lile sweta. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani:

"Jamani! Mhehe mwingine! Mfungieni yule mbwa!"

Kutoka ndani mtu alicheka.

"Yule wa kwanza alitumalizia mbwa wawili," akaniambia, uso mkavu kabisa. "Wewe mwembamba. Wewe tutakuanzishia paka."

Asiyejua anaweza kusema huyo mtu hana adabu. Lakini Wangoni na sisi Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, utani wao ni kwamba tunakula mbwa, na mtani ana ruhusa ya kumtania mfiwa. Ndiyo pole yake. Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Mei. Alipoona nimecheka akashuka kwenye gunia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema taratibu, "Yule alikuwa mtu. Ingia, Mhehe wangu, mzee anakungoja."

Karani mkuu alikuwa Mnyakyusa mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Hakupoteza maneno. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake asubuhi saa kumi na mbili lori lilikuwa linaondoka kwenda Ubaruku, kwa wakulima wa mpunga, na lilitakiwa liondoke na matangazo: kijiji kipi kije siku ipi kuchukua mbegu. Tangu dada augue hakuna aliyegusa mashine. Kwa hiyo jaribio langu na kazi ya ofisi vilikuwa kitu kimoja.

"Piga mistari michache kwenye karatasi ya kawaida, vidole vipate moto," akasema. "Halafu tangazo, kwenye stensili."

Nilikaa kwenye kiti cha dada. Mto wake mdogo wa kitambaa ulikuwa bado pale, umechukua umbo la mtu mwingine. Mbele yangu ilikuwa taipureta, nyeusi, nzito, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliweka vidole juu ya vitufe vya kweli. Vilikuwa baridi. Vilizama. Hilo dada hakuwahi kuniambia, au aliniambia nikasahau: kwamba vinazama.

Nikakaza macho kwenye karatasi na kuanza.

Kila kitufe kina mkono wake wa chuma ndani ya mashine, mrefu kama njiti, na kwenye ncha yake imechomelewa herufi. Ukibonyeza, mkono unainuka, unagonga karatasi, unalala. Mikono yote inapita mlango mmoja. Kwenye ubao herufi mbili hazikutani kamwe. Unaweza kupiga kwa kasi ya mvua ya mawe na hakuna kitakachogongana. Mimi nilikuja na kasi ya ubao na kidole cha kuulia siafu. Mstari wa tatu, mikono mitatu iliinuka kwa pamoja ikang'ang'aniana mlangoni. Aliyejifunzia kwenye mashine anajua la kufanya: anaacha, anaitenganisha polepole kwa ncha ya kidole. Mimi nilidhani sijapiga kwa nguvu ya kutosha. Nikapiga a tena. Nikapiga tena. Haikutoka, nikaingiza mkono nikauvuta ule mkono wa chuma kama mtu anavyong'oa gugu kwenye mahindi.

Ulisikika mlio mdogo tu, kama punje iliyopasuka kwenye kikaango. Kichwa cha herufi kikadondoka ndani ya mashine.

Karani mkuu aliinuka, akaja, akainamisha miwani. Akapiga a mara moja. Mkono ukainuka mtupu, bila kichwa, ukalala. Karatasi ikabaki nyeupe.

 Kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo sijaisahau, "Mashine hii ni ya zamani. Ilikuwa inangoja tu kuvunjika. Tutasema imevunjika yenyewe. Wewe pumzika, binti, hukuwa na bahati. Kiti hiki labda hakitawezekana, lakini dada yako alikuwa mtu wetu, hatutakuacha. Tutakutafutia hata usafi hapa ofisini."

Nilijua ananipa mlango. Nilijua pia kwamba nikiupita, siku zote zitakazofuata nitakuwa nafagia kuzunguka kile kiti.

"Haikuvunjika yenyewe, mzee," nikasema. "Nimeivunja mimi."

"Binti, nakusaidia."

"Najua, mzee, na nashukuru. Lakini nimeivunja mimi. Sijawahi kugusa taipureta kabla ya leo. Nimejifunza kwenye ubao."

"Ubao gani?"

Nikamweleza. Sanduku la chai, msumari, gazeti, dada na maharage yake. Mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni, na nilipofika kwenye miaka miwili alishika mwimo wa mlango kwa kicheko.

"Ubao! Mhehe kajifunza kuogelea kwenye mchanga!"

Karani mkuu hakucheka. "Mbona kwenye barua hukuandika?"

"Niliogopa hutaniita."

Alifikiri. "Nisingekuita," akakubali.

Hapo sijui nilipata wapi kinywa. Mimi si msemaji. Nilisema, "Mzee, nipe stensili."

"Bila a? Tangazo la Kiswahili bila a?"

"Nitaziachia nafasi. Halafu nitaziandika kwa mkono."

"Zimebaki stensili mbili tu."

"Moja inatosha."

"Haya," mtunza stoo akasema, "huyo ndiye mdogo wake kweli. Hata yule alikuwa na kiburi cha namna hiyo."

Kwa wasioijua, stensili ni karatasi laini yenye nta. Unatoa utepe wa wino, unaipiga chapa, na herufi zinatoboa ile nta. Halafu unaifunga kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mpini, na wino unapita kwenye matundu na kutoa nakala nyingi kadiri unavyotaka. Ubaya wake ni kwamba wakati unapiga huoni kitu, ila mikwaruzo kama ya ukucha kwenye mshumaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba wapiga chapa wengi wenye vyeti wanaiogopa stensili kwa sababu hiyo. Mimi sikuiogopa. Kabla ya siku ile nilikuwa sijawahi kuona kitu nilichokipiga.

Nilipiga polepole sasa, nikivizuia vidole kama mtu anavyomzuia ndama. Niligundua jambo: ule mkono mtupu wa a bado uliinuka, na mashine ilisogea hatua moja, ikaacha nafasi yenye upana uleule wa herufi. Kwa hiyo sikuhitaji kufikiri a iko wapi na haiko wapi. Nilipiga kama alivyonifundisha, a mahali pa a, na pale pakabaki tupu. Mikono haikugongana tena hata mara moja.

Kazi yenyewe ilianza nilipoitoa stensili kwenye mashine. Karani mkuu aliniwekea mezani kipande cha kioo cha dirisha, na juu yake nikalaza ile karatasi, nikashika kalamu ya chuma ya stensili. A ya kwanza niliiandika vizuri, mviringo kamili kama ya shuleni, na kile kipande cha katikati kikadondoka chote. Ikiachwa vile, ingetoka doa jeusi. Nikapaka dawa nyekundu ya kuzibia, ile yenye harufu ya kupanda puani, nikangoja ikauke, nikaandika tena. Nikadondosha tena. Mara ya tatu nikaelewa kwamba mviringo wa a usifungwe. Uache mlango mdogo, ndipo katikati patashika. Toka hapo nilikwenda mstari kwa mstari. Jina la kila kijiji, kila siku ya juma, kila "wakulima wanatakiwa", nikainama na kuandika a, nikasogea, nikaandika a.

Karibu na saa saba mchana mtunza stoo aliniletea chai kwenye kikombe cha bati.

"Kunywa, Mhehe. Hizo a hazina miguu, hazitakimbia."

Nilipoinua uso kuchukua kikombe, machozi yalinitoka. Ningeweza kuandika kwamba macho yalikuwa yamechoka, na kweli yalikuwa yamechoka, lakini sikuwa nalia kwa ajili ya macho. Nilikuwa nimekaa kwenye mto wake. Niligeuza kiti nikaelekea ukutani ili nisilowanishe stensili, nikalia pale, bila sauti, mpaka yakaisha. Yule Mngoni, mwenye mdomo wote ule, alisimama na kikombe changu mkononi mpaka nilipogeuka, akanipa, chai ikiwa imepoa, akatoka.

Saa tisa na kitu nilimaliza. Mtunza stoo akafunga stensili kwenye mashine ya kudurufu, akakunja mikono ya shati, akazungusha mpini. Karatasi ya kwanza ikatoka imelowa wino. Tulisimama watatu tukiitazama. Mistari ilikuwa imenyooka. Herufi zote zilikuwa za mashine, nyembamba, zimejipanga, na katikati yao a zangu, nene kidogo, nyingine wima, nyingine zimeinama mbele kama mtu aliyebeba kuni.

"Hizi zimetoka kilabuni," mtunza stoo akasema. "Ona hii. Hii imeegemea ukuta."

"Zinasomeka?" karani mkuu akamuuliza.

"Zinasomeka, mzee. Hata mimi nazisoma."

Karani mkuu alichukua ile karatasi dirishani akaisoma yote, midomo inacheza, kidole kinafuata mstari. "Umekosea mara mbili," akasema aliporudi. Akanionyesha. Ilikuwa kweli, mara mbili. "Durufu," akamwambia mtunza stoo, na kwangu akasema, "Sijakupa kiti. Sikiliza vizuri. Fundi wa Mbeya mjini hatapata kifaa cha kuchomelea hiyo herufi kabla ya mwezi wa saba, nami siwezi kungoja mwezi wa saba kujua kama unafaa. Utafanya kazi hivyohivyo, bila a, mpaka mwisho wa mwezi. Kazi ya siku itoke siku hiyo. Siku moja isipotoka, unarudi Iringa."

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo mashine usiing'oe tena. Siyo shamba."

Nilikaa kwa yule mama aliyekuwa amempangisha dada chumba, kitanda kilekile. Kila asubuhi nilifika ofisini kabla ya mlango kufunguliwa. Barua, orodha, taarifa za stoo: nilipiga, nikatoa, nikachukua kalamu na kujaza a, karatasi baada ya karatasi. Dereva aliporudi kutoka Ubaruku alileta habari kwamba wakulima walikuwa wamefika kila kijiji kwa siku yake, hakuna waliochanganya. Alisema mzee mmoja wa kule alimwuliza ni nani ofisini kwao aliyekaa akamwandikia kwa mkono kila mtu. Dereva akamjibu ni Mhehe mmoja ambaye hana kazi nyingine. Mtunza stoo aliipenda sana hadithi hiyo, akawa ananiita "asiye na kazi nyingine" mpaka nikazoea.

Siku mbili karibu nishindwe. Moja ilikuwa taarifa ya kurasa saba iliyoletwa saa nane mchana. Nilipiga kurasa zote saba, nikajaza a nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kunanipa usingizi, na karani mkuu alingoja na kofia yake mkononi, hakuondoka, wala hakunisaidia. Ya pili ilikuwa siku nilipogundua, baada ya kumaliza, kwamba nimeruka aya nzima. Hakuna aliyeona. Nilimwonyesha mwenyewe, nikarudia ukurasa wote. Alisema tu, "Haya."

Tarehe 30 Juni, Jumatatu, aliniletea karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wake, akaiweka mezani kifudifudi. "Nakala tatu," akasema, akarudi kwenye meza yake na kufungua faili.

Niliigeuza. Ilikuwa barua ya ajira, na jina lililoandikwa lilikuwa langu. Pale ofisini ndivyo ilivyokuwa: kila kilichohitaji kupigwa chapa alikipiga mpiga chapa, hata kama kinamhusu mwenyewe; hapakuwa na mwingine. Nikapanga karatasi tatu na kaboni katikati, nikapiga barua yangu ya ajira kwenye mashine isiyo na a. Jina la baba yangu lina a tatu. Nilizijaza kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri, nikibonyeza zipenye hadi nakala ya chini. Mkono ulijua njia. Nilikuwa nimekwisha kuandika a nyingi mno mwezi ule.

Karani mkuu alisoma yote, kama kawaida yake, midomo inacheza. Akatia sahihi. Akagonga muhuri mara tatu.

"Siku ile nilitaka kukupa kazi kwa huruma," akasema, "wewe ukakataa. Hii si ya huruma. Nenda kamwonyeshe mama yako, Jumatatu ijayo uwe hapa."

"Ndaga, mzee," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, neno moja nililokuwa nimejifunza, naye kwa mara ya kwanza akacheka.

Nilifika Kalenga Jumatano. Mama alikuwa uani na shangazi wanapukuchua mahindi. Nilitoa barua kwenye bahasha. Mama hajui kusoma. Aliitazama, akaona muhuri, akafuta mikono kwenye kanga akaipokea, akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma toka juu mpaka chini.

"Pale penye jina. Rudia."

Nikarudia.

Aliweka kidole kwenye karatasi. "Na hizi nyeusi nyeusi ni nini?"

"Hizo nimeziandika mwenyewe kwa mkono, mama. Mashine haina a. Niliivunja siku ya kwanza."

Shangazi aliacha kupukuchua. "Uliivunja? Mali ya serikali?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia."

"Na bado wakakupa," mama akasema. Hakuwa ananiuliza. Alimtazama shangazi, wakatazamana muda, kama watu wazima wanavyotazamana juu ya kichwa cha mtoto, ingawa mimi nilikuwa na miaka ishirini. Kisha mama akainuka, akaingia ghalani. Tulimsikia anaburuta kitu. Alitoka na debe na gunia la unga, akalijaza debe mpaka mdomoni, akaligonga chini unga ushuke, akaongeza mwingine, akalifunika kwa kitambaa na kulifunga kwa kamba ya mkonge. Akalibeba mwenyewe hadi mlango wa mbele, akaliweka kando ya mfuko wangu. "Hili la kwenda nalo ofisini," akasema.